Besi Iliyofungiwa Ndani ya Mashine

Nilibofya tena. Dirisha jeusi likatokea katikati ya kioo, likadumu kiasi cha kupepesa jicho, likatoweka. Nikabaki natazama picha ya ziwa ambayo mwanangu aliiweka pale ili kompyuta isionekane tupu. Nikabofya mara nyingine, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Likaja, likaondoka. Ndani yake palikuwa na maandishi meupe, hayo niliyaona, lakini macho yangu hayasomi tena kwa kasi ile.

Nje mvua ya usiku ilikuwa imekatika na migomba ilikuwa bado inadondosha maji. Siku hiyo saa tisa mchana tulikuwa tunamzika mwalimu wa kwaya ya usharika wetu, rafiki yangu tangu ujana, kwake Ipyana. Mimi nakaa Ndandalo. Jana yake jioni nilikwenda kuwapa pole, na mjane wake akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili.

“Ule wa mafuriko,” alisema. “Beti zote tatu.”

“Beti zote tatu,” nikamjibu.

“Asiimbiwe nusu. Alikuambia mwenyewe.”

Ni kweli aliniambia. Alikuwa kitandani, sauti imekwisha kuwa nyembamba, akasema kwaya nyingi siku hizi zinaimba wimbo wake kama mtu anayekula wali akaacha ukoko, na ukoko ndio mtamu. Nikamwahidi. Mtu wa imani haahidi kwa mgonjwa ili kumfurahisha tu; anaahidi akijua kuna anayesikiliza.

Wimbo huo aliutunga baada ya mwaka ambao mto uliingia nyumbani kwetu sote. Watu tulikimbilia jengo la kanisa kwa kuwa limekaa juu kidogo. Usiku ule, gizani, watoto wakilia, mzee mmoja alianza kuimba peke yake kwa sauti nene ya chini. Hakuna aliyejua ni nani. Kisha mwanamke mmoja akaingia, kisha mwingine, mpaka kanisa zima likawa linaimba na maji yako mlangoni. Ndiyo maana ubeti wa tatu unaanza na besi peke yake, mistari mitatu, kabla ya sauti nyingine kuingia. Beti mbili za kwanza kila mtu anazijua. Ule wa tatu uliishia kwa wazee wa besi. Wengine tumewazika, wengine wamehamia mijini na watoto wao, na karatasi zilizokuwa kwenye kabati la ofisi zilichukuliwa na mafuriko mengine, yaliyokuja baadaye bila wimbo.

Mahali pekee uliposalia mzima ni ndani ya kompyuta ambayo haipo tena.

Nieleze. Kabla simu za mkononi hazijafika kwetu, wamisionari waliupa usharika kompyuta iliyokwisha kutumika kwao. Nilikuwa katibu, nikafundishwa kuiandikia. Kiangazi kimoja chote mwalimu alisimama nyuma ya kiti changu akiimba kila sauti, mimi nikichapa herufi za solfa, zile d, r, m za nota, sauti nne zimepangwa moja chini ya nyingine, nukta kwa nukta. Jenereta iliponguruma sana alinisogelea akaimba sikioni. Mimi sina sauti ya kuimba, Mungu hakunipa hiyo. Alinipa vidole. Kwa hiyo nilichapa nyimbo zote bila kuzishika kichwani, kama mtu wa posta anavyopeleka barua.

Kompyuta ile ilikufa. Disketi zake mwanangu alizipeleka kwa fundi Mbeya, yakatolewa yaliyomo na kuwekwa kwenye kompyuta yangu ndogo ya sasa. Lakini programu za siku hizi zilipofungua wimbo ziliumwaga kama mpunga uliopasukiwa na gunia: besi juu, soprano chini, nukta zimetawanyika. Ndipo mwanangu akaweka emuleta. Hiyo ni programu inayoigiza kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Mashine mpya inajifanya mzee, na programu ya zamani ikiingia humo inaamini bado iko nyumbani kwake. Mara ya mwisho niliifungua kabla ya Krismasi. Nilikaa nikausoma wimbo kwa furaha, nikafunga, nikasema nitaunakili siku nyingine. Baada ya hapo kompyuta ilianza kwenda kwa kujikokota. Tukaipeleka mjini Kyela kwa mke wa mwanangu, ambaye ni mwalimu wa kompyuta katika sekondari, akaisafisha, ikarudi nyepesi. Tangu irudi nilikuwa naisomea mahubiri tu.

Nikaizima, nikaiwasha, nikabofya. Dirisha likaja, likaondoka.

Nilimpigia mwanangu. Alikuwa amevuka mpaka wa Kasumulu na lori, yuko upande wa Malawi, simu haikupatikana. Nikafunga macho nikaomba. Sikuomba muujiza. Niliomba nisishikwe na hasira, maana mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuipiga mashine.

Kabla ya saa sita mwenyekiti wa kwaya alifika na pikipiki, matope mpaka magotini. Ni mkulima wa kakao, mtu mnene mwenye besi ya kutikisa vikombe, na mdomo wake haujui kupumzika hata msibani. Kwaya ilikuwa imekusanyika Ipyana inamsubiri yeye arudi na nota, ili wapate muda wa kujifunza kabla ya maziko.

“Mughonile, mzee. Nipe nikimbie.”

“Haifunguki.”

Akaingia mpaka chumbani kwangu, maana ndiko kompyuta ilikokuwa. Umeme ulikuwa umekatika tangu mvua ilipoanza, na betri ya kompyuta yenyewe ilikufa zamani: ukiichomoa tu, inazima. Inakula umeme wa sola, na tundu la sola liko ukutani karibu na kitanda changu. Waya mrefu wa kuunganishia tuliupeleka msibani kwa ajili ya spika. Basi nikawa nimekaa kitandani, kompyuta juu ya kigoda, na mwenyekiti ameinama nyuma yangu akinidondoshea shingoni maji ya migomba ya njiani.

Nikabofya aone.

“Aa,” akasema. “Mashine imemfuata marehemu.”

“Usiseme hivyo.”

“Basi imekwenda kumpa pole. Mzee, tufanyeje? Wale watu wananisubiri. Tuimbe beti mbili, wa tatu Mungu anaujua.”

“Nimeahidi tatu.”

Mwenyekiti akatoa simu yake mfukoni. Kisha akasema simu yake iliwahi kugoma hivyohivyo, kijana mmoja sokoni akaibonyeza mahali, ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, ikapona siku ileile. Hata kompyuta zina mahali pa namna hiyo. Aliponionyesha nikapaona. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hushukuru ushauri wowote. Kioo kikaniuliza swali. Nikalisoma kwa sauti, nikilitafsiri kwa ajili ya mwenyekiti: je, niko tayari kuondoa kila kitu kilichomo na kuanza upya?

“Ndiyo hapo,” mwenyekiti akasema. “Bonyeza.”

“Baba, usibonyeze.”

Sauti ilitoka dirishani, nje, upande wa uani. Kilichofuata ni mlio wa sufuria kuanguka na miguu kukimbia juu ya matope.

Mimi na mwenyekiti tukatazamana. Niliondoa kidole kama kwenye mafiga.

Ilikuwa sauti ya mkamwana wangu, yuleyule mwalimu wa kompyuta. Alikuwa amefika asubuhi kumsaidia mke wangu kumenya ndizi za kupeleka msibani. Na tangu aolewe na mwanangu, mpaka siku ile, hakuwahi kunisemesha hata neno moja.

Asiyetoka kwetu atadhani tulikuwa na ugomvi. Kwetu mke wa mtoto humheshimu baba mkwe kwa kumkwepa. Tunaita kutila, yaani kuogopa kwa heshima. Hapiti mbele yake, hamtazami usoni, haingii chumba chake hata kama hayumo, na jina lake halitamki kamwe. Nikitokea njiani anakatiza kwenye migomba. Familia nyingi zimelegeza mambo haya, na wachungaji wetu hawakuyaagiza wala kuyakemea. Kwao yeye, kule Busale, yameshikwa sana, na alikuja nayo kama alivyokuja na mikeka yake. Mimi sikumwambia ayaache. Niliona mtu ana haki ya kuchagua namna yake ya kuheshimu. Salamu zake zilinifikia kupitia kwa mke wangu, na chakula chake kupitia mlango wa nyuma, na wali wake sijapata kuuona kwa mwingine.

Mke wangu akaingia akifuta mikono, amebana kicheko kwa sababu ya msiba.

“Mmemfanya nini mtoto wa watu? Yuko nyuma ya banda la kuku anasema amekufa.”

“Mwambie hajafa,” nikasema. “Mwambie ameniokoa. Muulize, emuleta haiwaki, tufanyeje?”

“Eti nani haiwaki?”

“We mwambie hivyohivyo.”

Alikwenda, akarudi. “Anasema toka wewe humo, nenda kakae barazani, atamwelekeza mwenyekiti.”

“Mimi?” mwenyekiti akasema. “Mimi hata kitufe cha kitu hicho sikijui. Aingie mwenyewe, mzee atoke aende shambani.”

Mke wangu akapaza sauti dirishani. “Mwanangu, baba anatoka, uingie wewe.”

Jibu likaja la chini lakini la wazi. “Mama, chumba cha baba siingii.”

Hapo kifaa cha sola kilianza kulia ukutani, kile kimlio chake cha kusema betri inakwisha. Mawingu yalikuwa yamelala juu yetu tangu alfajiri. Kikilia hivyo huwa kimebakiza muda, lakini hakisemi muda gani.

 Nilifikiri kumwachilia. Baba mkwe akisema kwa kinywa chake, “Ingia, mwanangu, nimekuruhusu,” nani atamlaumu? Lakini nilimsikia kwa lile jibu kwamba hakuwa anaona haya tu. Ningemlazimisha kuchagua kati ya maiti wangu na mafundisho ya mama yake, na achague mbio, huku kifaa kinalia. Nikaona hilo si la kumfanyia mtu dirishani.

“Basi akae hapo nje chini ya dirisha,” nikasema, “atupe mgongo. Aseme na wewe. Wewe useme na mimi.”

“Kwa hiyo mimi sasa ndiyo waya,” mke wangu akasema.

“Ndiyo waya.”

“Msinichomoe.”

Akasimama dirishani, kiwiliwili nusu nje nusu ndani. Niliona juu ya kizingiti ncha ya kilemba cha kitenge, imetulia. Ukuta ulikuwa mmoja tu wa tofali kati yetu na nilimsikia kila neno. Hata hivyo nilisubiri kila mara mke wangu arudie, maana hiyo ndiyo njia yenyewe.

“Anauliza likitokea linasema nini.”

“Halisemi. Linakimbia.”

“Linakimbia,” mke wangu akapeleka.

“Mama, mwambie basi tulizuie lisikimbie kwanza. Tukisoma kosa tutajua.”

Nilipenda neno hilo. Mashine yetu ya zamani nayo ilikuwa hivyo: ilikuandikia kosa lake ikakaa nalo mbele yako mpaka ulishughulikie. Ila mwanangu, kwa kunihurumia nisihangaike, aliipa emuleta amri kwamba kazi ikiisha ijifunge yenyewe. Mkamwana alieleza kwamba kuna faili la mipangilio, maandishi matupu, ambalo emuleta hulisoma kila inapoamka: fungua folda hii, washa programu ile, ukimaliza funga. Alinielekeza lilipo. Mwenyekiti akashika tochi ya simu, maana chumba kilikuwa giza, akawa anamulika vitufe.

“Anasema nenda chini kabisa,” waya akasema. “Kuna mkia. Ukate.”

“Mkia gani?”

“Neno la mwisho kabisa, mama. La kufunga. Alifute.”

“Ulifute mkia,” akasema mke wangu.

Nikalifuta, nikahifadhi, nikabofya.

Dirisha jeusi likaja. Likabaki.

Mwenyekiti akavuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Maandishi meupe yalikaa yakitusubiri. Niliyasoma moja moja, kimoyomoyo kwanza, halafu nikayasema kwa Kiswahili kwa sauti, nikisahau waya.

“Inasema imetafuta folda iitwayo” na hapo nikataja jina langu, jina nililobatizwa na lile la ukoo, kwa kuwa ndivyo mwanangu alivyoiita folda ya kazi zangu, “na folda hiyo haipo.”

 Kile kilemba kikashuka, kikapotea chini ya kizingiti.

“Haipo vipi?” nikauliza. “Nimeona yaliyomo kwa macho yangu kabla ya Krismasi.”

Kifaa cha sola kikalia tena, sasa mara mbili mbili.

“Imefutwa?” mwenyekiti akasema, na safari hii hakutania.

 Nilikuwa namwona mwalimu amesimama nyuma ya kiti changu ameshika bega langu, anaimba besi sikioni kwa ajili ya jenereta, kiangazi kizima, na mimi nikiipeleka kama mtu wa posta bila kubakiza neno.

“Subiri,” mke wangu akasema. Alikuwa ameinama nje kabisa, miguu tu ndiyo ilibaki ndani. Walikuwa wananong'ona. Akarudi, na uso wake ulikuwa umebadilika, mpole sana.

“Anasema haijafutwa. Anasema ni yeye.”

“Yeye nini?”

“Alipoisafisha, ilibidi ahamishe vitu vyako. Folda yako akatakiwa aiandike jina. Mikono yake ikakataa. Na watoto wake walikuwa hapo wanasoma kila anachoandika, wakimsaidia kusoma kwa sauti. Akaipa jina lingine.”

Mwenyekiti akauliza lile nililotaka kuuliza mimi. “Sasa yeye ni mwalimu wa kompyuta. Hakuijaribu kuona kama inawaka?”

Mke wangu akapeleka. 

“Anasema akiifungua, kitu cha kwanza kinachokuja ni jina la baba kwa herufi kubwa juu ya ukurasa.”

Ni kweli. Nilikuwa nimechapa pale juu, kwa majivuno ya ujana: kimechapwa na fulani. Alihesabu mafaili, akaona yote yametimia, akafunga macho na kurudisha mashine ya mkwewe. Hakukumbuka kwamba ndani ya faili la mipangilio, alilolitengeneza mumewe, jina langu lilikuwa limebaki likimwita mtu aliyehamishwa.

Kwetu mwanamke anaweza kwenda chuo, akafundisha watoto wa wenzake mashine za dunia nzima, na bado kidole chake kikatila. Wazee walioweka desturi hii walifikiria njia, milango na vinywa. Hawakufikiria vitufe. Yeye alilazimika kujiamulia peke yake mezani kwake, na akaamua kuheshimu kuliko alivyotakiwa.

“Muulize aliiita nani.”

 Mke wangu akainama, akasikiliza, akainuka akinitazama kwa macho yaliyojaa.

“Babu,” akasema. “Kwa herufi kubwa.”

Ndivyo watoto wake wanavyoniita.

Nikarudi kwenye faili la mipangilio. Mahali palipokuwa na jina langu nikafuta, nikaandika, nikakosea, nikafuta, nikaandika tena. Herufi nne. Nikahifadhi. Mwenyekiti alikuwa ameshika ile betri ya sola kwa mkono mmoja kana kwamba anaweza kuizuia isife.

Nikabofya. Dirisha jeusi, mistari michache ikapanda, halafu kioo chote kikageuka buluu, ile buluu ya zamani niliyoikalia miaka mingi. Jina langu juu. Chini yake orodha ya nyimbo. Nikashuka kwa mshale, maana programu ile haijui kipanya, mpaka kwenye wimbo wa mafuriko, nikaufungua. Sauti nne zikajipanga, moja chini ya nyingine, nukta kwa nukta, kama alivyoniimbia.

“Piga picha,” nikasema. “Haraka.”

Mwenyekiti alipiga picha kila ukurasa kwa simu yake. Picha ya mwisho ilikuwa ya ubeti wa tatu. Alikuwa ameanza kuzituma kwenye kundi la kwaya kifaa kilipotoa mlio mmoja mrefu na chumba kikawa giza. Kompyuta ikazima. Tulisimama hivyo, tukitazama kile kioo cha simu, alama za kutuma zikizunguka, mtandao wa Ndandalo mnaujua. Zikaenda moja moja. Ya mwisho nayo ikaondoka.

“Ngoja niione hii besi,” mwenyekiti akasema, amekaa sasa kitandani kwangu na matope yake. Akaisoma midomo ikitembea. Kisha akaiimba, palepale, mistari mitatu peke yake, polepole kwa sababu alikuwa anaitafuta. Sikuwa nimeisikia tangu itoke kifuani mwa mtu ambaye sasa alikuwa amelala Ipyana.

Alipofika mahali sauti nyingine zinapoingia, akasita. Na nje ya dirisha, chini ya kizingiti, sauti ya pili ikaingia. Mkamwana wangu huimba katika kwaya yao ya mjini, na picha ilikuwa imeshamfikia kutoka kwa mmoja wa wanakwaya. Aliimba akiwa ametupa mgongo, nina hakika, maana sauti ilikuwa inakwenda kwenye migomba. Mwenyekiti akainua macho, akaendelea. Mke wangu, waya, alisimama kati yao na hakuwa na cha kupeleka.

Tulikwenda Ipyana juu ya pikipiki kwenye tope, mimi nyuma nimemkumbatia mwenyekiti kama mtoto. Kwaya ilijifunza ubeti wa tatu uani kwa marehemu, simu zimeinuliwa, wazee wakigombana kuhusu nukta moja. Mvua ilishuka kidogo wakati wa ibada, ikatuhurumia kaburini. Wakaimba beti mbili, watu wote wakaitikia kama kawaida, wakadhani umekwisha. Wengine walianza kuinama kuchukua udongo.

Ndipo besi ikaanza peke yake.

Haikuwa kamili. Mstari wa pili ulipotea kidogo, mtu mmoja akashuka mapema, mwenyekiti akawavuta kwa sauti yake mpaka wakarudi. Wazee wachache waliokuwapo kanisani usiku ule wa maji waliinua vichwa. Mwanamke mmoja akaingia, halafu wengine. Sauti ya pili ilitoka upande wa mbali wa watu, nyuma ya wanawake, na sikugeuka kuangalia. Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka amefumba macho, mkono wake ukihesabu mapigo juu ya goti, kama mumewe alivyokuwa akifanya. Wimbo ulikwisha. Kisha udongo.

Nilimshukuru Mungu nikiwa nimesimama. Nilimshukuru pia kwa vidole.

Jioni, nyumbani, mke wangu alikuwa anachochea moto na nilisikia uani maji yakimwagwa, mtu akiosha sufuria iliyokuwa imeanguka matopeni.

“Mwambie ndaga fijo,” nikasema, maana shukrani kubwa namna hiyo hutolewa kwa lugha ya nyumbani.

Akapeleka. Nilisikia kila neno la jibu, lakini nilisubiri lije kwa njia yake.

“Anasema asante,” mke wangu akasema. “Na anasema umeme ukirudi usiache wimbo humo tena. Uunakili kwanza. Na jina la folda usiliguse.”

Sijaligusa.